Mparachichi unapanda juu tu hautoi matawi? Achana na urea kwanza

Mkuu uliyeuliza kwa nini miparachichi yako inarefuka tu bila matawi na kama uiongezee urea, mi nina kitalu cha Hass (aina ya parachichi) huku Njombe na hii kesi naiona kila msimu. Urea itakuongezea urefu tu, shida iko kwenye ncha.

Ile ncha changa inatengeneza homoni inaitwa oksini halafu inaishusha, seli inampasia seli mwenzie, kama sentimita 1 kwa saa hivi. Na haishuki kiholela, kila seli ina protini zinaitwa PIN zimejipanga upande wake wa chini, ndo zinaitoa kwenda kwa jirani, kwa hiyo njia ni moja, juu kwenda chini. Sasa macho (vile vichipukizi vinavyoweza kuwa matawi) yaliyo kwapani mwa majani nayo yanataka kushushia oksini yao kwenye shina hilohilo, yakikuta limeshajaa ya ncha yanalala. Wengi wanadhani oksini ya ncha inaingia ndani ya jicho na kulizima, hapana, haiingii kabisa.

Watafiti wa mimea Thimann na Skoog walikata ncha miaka ya 1930 wakaweka oksini pale kwenye kidonda, macho yakaendelea kulala kama vile ncha bado ipo. Ila oksini sio stori yote, mwaka 2014 ilionekana kwenye njegere kwamba ncha ikikatwa macho ya chini yanaanza kuamka hata kabla oksini haijapungua pale yalipo, kinachowahi kufika ni sukari, maana ncha ndo ilikuwa inaila.

Na hizo PIN sio za matawi tu, kuna kimmea cha maabara kinaitwa Arabidopsis, kikiharibika jeni ya PIN1 kinatoa shina tupu limechongoka, maua hakuna, ila ukidondoshea oksini ubavuni karibu na kilele ua linaanza kuota palepale!

Kwa hiyo wewe kata ncha kwenye kimo unachotaka matawi yaanzie. Angalia ule mzunguko ambapo macho yamebanana, hapo ndo chipukizi zilipoishia kabla ya kuanza awamu mpya ya kukua, ukikata juu yake tu utapata matawi kibao, bakiza matatu au manne yaliyotazama pande tofauti. Usiyaache yote, la juu kabisa litajifanya ncha mpya na kuwabana wenzie. Kama roho inauma kukata basi inamisha shina kwa kamba, macho ya upande wa juu yataamka yenyewe, ila hapo shina lipake chokaa maana jua la mchana linababua gome vibaya.