Maswali ya Jikoni: Lasanya Inayomomonyoka

SWALI: Lasanya yangu hupendeza juu, lakini nikiikata inamomonyoka na maji yanajaa chini ya trei. Natumia nusu kilo ya nyama ya kusaga na nyanya za sokoni. Nakosea wapi?
Msomaji, Jinja

JIBU: Mchuzi wako wa nyama unaepuliwa mapema. Nyanya mbichi zina maji mengi, na yasipokauka motoni yatatoka kwenye trei. Kaanga kitunguu kikubwa kimoja na karoti moja iliyokunwa, tia nyama, uikoroge hadi maji yake yakauke na uisikie ikianza kukaangika. Hapo ndipo utie nyanya 6 zilizosagwa na vijiko vikubwa 2 vya nyanya ya kopo. Acha moto mdogo, bila mfuniko, kwa saa nzima. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia yake ikibaki wazi, mchuzi uko tayari. Baada ya dakika 20 nyama huwa imeiva, na ndiyo maana wengi huepua. Mchuzi wenyewe bado.

Angalia jibini pia. Mozzarella laini inayouzwa ndani ya maji huyaachia yote kwenye oveni. Gramu 200 za gouda ya hapa nchini, iliyokunwa, zinafaa zaidi na bei yake inavumilika.

Kisha subiri. Ukishaitoa lasanya, iache dakika 20 bila kuigusa, maana mchuzi mweupe, ule wa siagi, unga na maziwa, hushikamana unapopoa. Ukiikata ikiwa bado inatokota, hata iliyopikwa vizuri itamwagika.

SWALI: Nilipanga karatasi kavu za lasanya, zile pasta bapa, bila kuzichemsha, kama pakiti inavyoagiza. Zimetoka ngumu, pembeni hazitafuniki.
Msomaji, Kabale

JIBU: Kabale iko juu, karibu mita 2,000, na huko maji huchemka kwenye takriban nyuzi 93 badala ya 100. Pasta iliyo ndani ya mchuzi haipati joto zaidi ya hilo, hivyo muda wa pakiti haukutoshi. Loweka karatasi dakika 10 katika maji ya moto yenye chumvi, moja moja zisigandane.

Karatasi pia hunywa maji. Mchuzi wa nyama ukiwa mzito, kinywaji chao ni mchuzi mweupe: siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, maziwa mililita 750. Kaanga unga kwenye siagi dakika 2, mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga, uchemke hadi ushike mgongo wa kijiko. Paka hadi kwenye kona. Kipande chochote kilichobaki wazi kitakauka kama kigae. Funika trei kwa foili, oka dakika 35 kwa nyuzi 180, kisha funua dakika 15 juu ipate rangi.

SWALI: Sina oveni. Naweza kutumia makaa?
Msomaji, Bombo

JIBU: Naam. Tandaza mchanga mkavu, kina cha sentimita 2, ndani ya sufuria kubwa nzito, uipashe moto dakika 15, kisha weka chombo cha lasanya juu ya mchanga. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko bapa wenye ukingo ili majivu yasidondoke. Baada ya dakika 40 choma kisu katikati: kikipita bila kukwama, imeiva. Ikinukia kuungua mapema, punguza makaa ya chini, ya juu yaache.