Kalenda ianze na watoto: ushauri kwa familia changa za Watakatifu

Kila mwezi kuna wiki moja inayonibana kuliko zote. Mimi ni mhasibu, na mwisho wa mwezi tunafunga hesabu. Tukimaliza tu, Jumapili inayofuata mara nyingi ni ya kwanza ya mwezi, yaani Jumapili ya mfungo. Nimefika kanisani mara nyingi mno nikiwa nimelala kwa muda wa saa 4 tu, tumbo halina kitu, kazi ya chuo haijakamilika, na watoto wa Msingi, yaani madarasa ya watoto kanisani, wananisubiri niwafundishe. Nimekwenda hivyo kwa miaka 7. Nawaandikia ninyi mliobatizwa karibuni mkiwa tayari na watoto, na ninyi mliooana juzijuzi mkiwaza kurudi shule, kwa sababu kila baada ya muda dada mmoja hunivuta pembeni baada ya mkutano wa sakramenti na kuniuliza, "Dada, unawezaje?" Jibu la kweli haliwezi kuisha pale kwenye korido.

Watu wengi hutuita Wamormoni. Jina letu kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu 2018 viongozi wetu wametuomba tulitumie hilo. Mgeni anapaswa kuelewa jambo moja mapema, maana ndilo linaloeleza kwa nini nyumba zetu zina pilikapilika: kwenye kata, yaani ushirika wetu wa mtaani, hakuna mchungaji wa kulipwa. Askofu ana kazi yake ya kumlisha, ana watoto, na kwa kawaida hutumikia miaka kama 5 kisha hupumzishwa, akaitwa mwingine. Anayefundisha watoto, anayepanga muziki, anayetunza kumbukumbu, wote wametoka makazini kama wewe. Ukibatizwa leo, usishangae ukiitwa ofisini kwa askofu baada ya wiki chache na kupewa wito, yaani jukumu la kutumikia. Mume wangu alikuwa mshauri katika uaskofu, yaani msaidizi wa askofu, wakati mimi ni rais wa Msingi, yeye akifanya kazi ya zamu, mimi nikisoma usiku. Kila jambo katika hayo lilikuwa jema. Yote kwa pamoja yalitushinda.

Tulijua yametushinda siku mtoto wetu wa tatu alipotembea. Ilikuwa Jumapili mchana, nami nilikuwa nimebaki kanisani kwenye kikao cha kupanga shughuli ambayo ingeweza kupangwa kwa ujumbe wa simu. Niliporudi, kaka yake na dada yake walinikimbilia mlangoni wote wawili wakisema kwa wakati mmoja: ametoka kwenye kochi mpaka kwa baba, hatua nne! Tukamsimamisha tena pale kwenye kochi. Alikuwa amechoka, akakaa chini, akaanza kulia. Nilikaa naye sakafuni nikiwa bado na mkoba begani. Hakuna aliyenikosea siku ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea kuandika kikao kwenye kalenda, na watoto kuwaachia nafasi inayobaki.

Jumapili ile ile jioni tulifanya baraza la familia la kweli kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na kalenda kubwa ya ukutani na kalamu za rangi, na tukakubaliana kwamba chochote kisichojirudia katika maisha ya mtoto kitaandikwa kwanza, kwa rangi nyekundu. Baada ya hapo zifuate zamu za baba, kufunga hesabu kwangu, mitihani, vikao vya kanisa. Mtihani una marudio. Ripoti inaweza kukabidhiwa mwenzako ukimwomba wiki mbili kabla. Mtoto hatimizi miaka 8 mara mbili.

Jambo zuri kwetu Watakatifu ni kwamba hatua nyingi za watoto zinajulikana miaka mingi kabla. Jino halikuambii litang'oka lini, lakini ubatizo unakwambia. Mtoto mchanga hupewa jina na baraka, mara nyingi siku ya Jumapili ya mfungo. Akifikisha miezi 18 anaingia darasa la watoto wadogo, na hapo kwa mara ya kwanza unaweza kukaa darasani kwako na kusikiliza sentensi mpaka mwisho. Miaka 8 ni ubatizo na kuthibitishwa. Miaka 14 inakuja na seminari, yaani darasa la maandiko la vijana. Kijana wa kiume anaweza kuwa kuhani (kwetu ni ngazi ya ukuhani wanayopewa hata vijana) katika mwaka anaotimiza 16, na akifika 18 anaweza kwenda misheni kwa miezi 24. Chukua daftari sasa hivi, andika majina ya watoto wako na miaka hiyo mbele yao. Utaona mwaka gani ni mzito, na huo usijiandikishe masomo manne.

Kuna mtego mmoja uliotunasa: Januari. Tangu 2019 watoto hawaondoki Msingi siku ya kuzaliwa kwao. Wanaondoka Januari ya mwaka wanaotimiza miaka 12, wote pamoja, na mvulana anaweza kutawazwa shemasi, ngazi ya kwanza ya ukuhani, kuanzia mwezi huo. Mwana wetu amezaliwa Septemba. Nilikuwa nimejipanga kwa Septemba, kumbe shughuli ni Januari, na Januari kwa mhasibu ndio mwezi wa kufunga hesabu za mwaka mzima. Niliomba ruhusa ya saa mbili tu na nikaipata, lakini niliiomba kwa wasiwasi ambao usingekuwepo kama ningeuliza mapema. Kwa hiyo uliza. Makarani wa kata wana tarehe zote.

Ubatizo wa binti yetu nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu wazazi wapya huuandaa wiki ya mwisho, wakati unahitaji kama miezi mitatu ya dakika chache chache. Askofu atamhoji mtoto, naye atazungumza naye kwa upole, lakini mtoto asiyewahi kusikia neno agano nyumbani ataduwaa. Sisi tulitumia jioni ya nyumbani, ile ya kila wiki ambayo familia hukaa pamoja kujifunza, swali moja kila wiki, basi. Nguo nyeupe nilizishona kwa vipande, nusu saa kila Jumamosi nikisikiliza mihadhara ya chuo. Birika la ubatizo huchukua muda mrefu kujaa. Muulize mhusika maji yafunguliwe saa ngapi na nani atabaki kuyaangalia, maana haifai kuyaacha bila mtu jengo likiwa na watoto.

Na fanyeni mazoezi. Mume wangu alimfundisha sebuleni: mkono wake wa kushoto anashika kifundo cha mkono wa kulia wa binti, binti naye anashika kifundo cha baba kwa mkono wake wa kushoto, na sala ikiisha anaziba pua kwa mkono wa kulia. Kitu ambacho hatukufanyia mazoezi ni magoti. Tunabatiza kwa kuzamisha mwili wote, na mashahidi wawili husimama karibu kuhakikisha kwamba maneno ya sala yamesemwa sawasawa na kwamba hakuna kilichobaki juu ya maji, hata unywele, hata pindo la nguo. Tangu Oktoba 2019 muumini yeyote aliyebatizwa anaweza kuwa shahidi, hata mtoto, kwa hiyo kaka yake wa miaka 11 alisimama ukingoni. Binti alizama akiwa amenyoosha miguu, na kidole gumba kikaibuka. Chumba kizima kikamtazama kaka mtu. Alitazama maji, akamtazama dada yake ambaye alikuwa anafuta macho na kutabasamu akidhani amemaliza, akatikisa kichwa taratibu. Mume wangu akamnong'oneza binti, "Kunja magoti, mama." Mara ya pili akazama mwili wote. Mwana wangu aliniambia usiku kwamba lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na mimi nilimwambia nilimwona, na kwamba alifanya haki. Nisingekuwa na mazungumzo hayo kama usiku ule ningekuwa naandika insha. Ilikuwa imeshawasilishwa Alhamisi kwa sababu kalenda ilinilazimisha.

Sasa masomo. Nilianza na PathwayConnect, mpango uliozinduliwa 2009 ambao leo uko chini ya BYU-Pathway Worldwide, taasisi ya elimu ya juu ya Kanisa letu. Ni mwaka mmoja wa masomo kwa intaneti pamoja na kikao cha wanafunzi kila wiki, kisha unaendelea na shahada. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi bila kushika kitabu, ule mwaka wa kwanza unafaa sana, maana unakurudishia tabia ya kusoma kabla masomo hayajawa mazito. Popote utakaposoma, ushauri wangu ni ule ule: usihesabu miaka ya wenzako. Shahada ambayo wengine humaliza kwa miaka 4 mimi inanichukua 7, na hakuna muhula ninaoujutia isipokuwa ule mmoja nilioongeza somo ili niwafikie wengine.

Muda wa kusoma niliupata mahali nisipotegemea. Mwana wetu alipoanza seminari, darasa lilikuwa alfajiri kabla ya shule, siku tano kwa wiki. Miezi miwili ya kwanza nilimshusha, nikarudi nyumbani, nikakuta vyombo, nikaosha vyombo. Kisha nikaacha kurudi. Nilibaki ndani ya gari mbele ya jengo la kanisa, taa ndogo ya ndani ikiwaka, kompyuta mapajani, dakika 50. Kwa wiki ni zaidi ya saa 4 za utulivu ambazo hakuna mtu anazidai. Sehemu kubwa ya somo la takwimu nimeielewa pale. Kama kwenu seminari ni ya nyumbani au kwa mtandao, tafuta dakika nyingine za namna hiyo: za kumsubiri mtoto mazoezini, za kungoja zamu kwenye foleni. Usizitafute saa 6 usiku. Nilizitafuta huko mwaka mzima na nilichopata ni kusoma ukurasa mmoja mara tatu.

Kuhusu miito, semeni ukweli kwa askofu. Wapya wengi hudhani kusema "wiki hizi mbili nina mitihani" ni upungufu wa imani. Si hivyo. Askofu anasali kabla ya kukuita, lakini hajui ratiba ya zamu za mumeo mpaka umwambie. Mimi nilipomweleza kwamba tumelemewa, alininyamazia kidogo, akauliza maswali, na miezi michache baadaye nikapumzishwa Msingi na kupewa darasa moja tu la kufundisha. Nililia siku ya kupumzishwa, na nilipata pia Jumamosi zangu. Mfalme Benyamini katika Mosia, ndani ya Kitabu cha Mormoni, anafundisha kwamba hatutakiwi kukimbia kuliko nguvu tulizo nazo. Maneno hayo nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati.

Jumatatu jioni msiiguse. Familia zilihimizwa kuwa na jioni ya nyumbani tangu 1915, na Jumatatu ikatengwa kwa kazi hiyo 1970. Leo mnaweza kuifanya siku nyingine, lakini kata haipaswi kuweka vikao Jumatatu jioni, na mkiwekewa, mna haki ya kukumbusha kwa heshima. Ya kwetu haizidi dakika 25. Zamani nilikuwa naandaa somo kamili na picha, watoto wanagombania zulia, mimi nakasirika. Sasa tunasoma kifungu kifupi cha juma kutoka mtaala wa Njoo, Unifuate, kila mtu anasema jambo moja la wiki yake, tunaimba, tunacheza, tunalala. Ibada za Jumapili zilipopunguzwa kutoka muda wa saa 3 hadi muda wa saa 2 mwaka 2019, lengo lilikuwa hili hili, nyumba ibebe mafundisho. Lile saa moja lililopatikana lisijazwe vikao vingine.

Mama unayenyonyesha au mwenye mimba, mfungo wa milo miwili haujawekwa ili ukuzimishe. Kula. Mtu akikutazama vibaya, mwache akutazame.

Na msizisahau hatua zisizo na ibada. Kila mtoto wetu ana daftari jembamba, na mmoja wetu huandika mstari mmoja kabla ya kulala: leo amesoma bango barabarani peke yake, leo amefunga kamba za viatu, leo amekataa kushikwa mkono mbele ya rafiki zake. Mistari mingine ni ya mume wangu, aliyeiandika saa 8 usiku akitoka zamu, baada ya kuniuliza siku ilikuwaje. Hatua nne kutoka kwenye kochi zimo, kwa mwandiko wake. Nimezisoma mara nyingi.

Yule aliyetembea bila mimi kuwepo anatimiza miaka 8 mwezi ujao. Kaka yake sasa ana miaka 17 na ni kuhani, kwa hiyo ana mamlaka ya kubatiza, na mdogo amekataa kabisa kubatizwa na mtu mwingine. Mtihani wangu wa mwisho umeangukia wiki hiyo hiyo. Nimeshamwandikia mkufunzi kuomba niufanye mapema, na amekubali. Jana jioni nilikuwa mezani napitia maswali, nao wako sebuleni, mkubwa ameshika kifundo cha mkono cha mdogo. Nikamsikia anasema, "Hapana, anza na magoti. Hebu tena."