Bwana anasema niko introverti, eti sitabadilika

Dada wa Kadutu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kila wageni wakija kwa bukwe kule Panzi, wewe unapika, unagawa, kisha unakaa kimya, na mama mkwe ameshaanza kusema una kiburi. Bwana naye akakufanyisha teste kwenye telefone, ikatoa herufi 4, akasema basi, uko introverti, ni kusema mtu wa kimya anayejitenga na watu, njo umeumbwa hivyo. Unaniuliza, Tanti, ni kweli mtu habadiliki?

Hapana dada. Ile teste ilitungwa Marekani na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, hawakusomea saikolojia, walichukua mawazo ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ya mwaka 1921. Inakata watu vipande viwili, uko huku ama kule, na wengi wakiirudilia kisha wiki chache inawapa herufi zingine! Wanasaikolojia wa leo wengi wanapima tabia 5 kwa kiwango: kuchangamka na watu, kujipanga, upole, woga na mawazo mengi, na kupenda mambo mapya. Kila mtu iko nazo zote, wengi wako katikati. Na sikia vizuri, kuchangamka ni kipimo kimoja, kiburi kinaangukia kwenye kipimo cha upole, ni mambo mawili tofauti kabisa, mama mkwe ameyachanganya. Tena kadiri miaka inaenda watu kwa kawaida wanazidi kujipanga na kuwa wapole, kwa hiyo hii habari ya hautabadilika, bwana aiache.

Sasa kuna kitu umekiandika haraka haraka lakini mimi nimekishika. Sokoni unauza vitenge, unakunjua piyesi, unabishana bei na wamama, unacheka mpaka jirani wa meza anageuka kuangalia. Huyo si ni wewe yule yule? Mwanasaikolojia Walter Mischel aliandika mwaka 1968 kwamba tabia ya mtu inageuka sana kufuatana na mahali na watu alio nao, na kisha akaonyesha kwamba hata kule kugeuka kuna mpango wake, mtu akiwa hapa anafanya hivi, akiwa pale anafanya vile. Basi Panzi kuna nini? Umesema mwenyewe: wageni wakikolea mazungumzo wanaingia kwenye Mashi, luga ya Bashi, na wewe ni Murega, husikii kitu, na siku ulijaribu shemeji akacheka. Nani angeongea hapo? Mimi pia ningenyamaza.

Hiyo njo umwambie bwana, siyo mambo ya herufi. Wageni wakija akae karibu nawe, akutafsirie, na shemeji akicheka yeye ndiye amkanye, isiwe wewe. Mama mkwe umuendee siku hakuna wageni, mutwange sombe pamoja, umuombe akufundishe Mashi kidogo kidogo, juu watu wengi wakimya wanaongea vizuri sana wakiwa wawili tu. Bwana akikataa kabisa kukaa karibu nawe, uniandikie tena, hiyo itakuwa shida ingine na haitakuwa yako.