Mwaka wa uenyeji ndio mwaka wa kuchagua wapinzani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: Taifa Stars icheze mechi za kirafiki na nani kuelekea AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika? Najua kuna watakaotaja Argentina au Ureno, au Brazil kwa mara ya pili. Jibu langu ni kwamba tutafute timu ambayo ina jambo lake linaloifanya itake kuja kwetu, kisha tupange naye mapema, katika tarehe ambayo wachezaji wetu wote wanapatikana.

Hakuna timu iliyowahi kutua Dar es Salaam kwa mapenzi tu. Januari 2010 Ivory Coast walikuja na Didier Drogba, akatufunga bao moja, wakaondoka na ushindi wa 1-0. Walikuwa njiani kwenda AFCON ya Angola. Juni 7 mwaka huohuo wakaja Brazil, wakashinda 5-1 kwenye Uwanja wa Taifa ambao leo tunauita wa Benjamin Mkapa. Nao walikuwa wameshapiga kambi Afrika Kusini wakisubiri Kombe la Dunia, na siku tano kabla walikuwa Harare kuifunga Zimbabwe 3-0. Siku ile siibezi hata kidogo. Jabir Aziz alifunga bao dhidi ya Brazil na hilo halifutiki. Ila yalikuwa maandalizi ya Brazil, sisi tulikuwa kituo kimojawapo kwenye safari yao.

Miaka miwili na nusu baadaye tulifanya vizuri zaidi, na ndiko ninakotaka TFF, shirikisho letu la soka, irudi kusoma. Desemba 2012 tuliwaleta Zambia, mabingwa wa Afrika wakati ule, waliokuwa wakijiandaa kwenda kutetea kombe lao mwezi uliofuata. Mrisho Ngassa akafunga, tukashinda 1-0. Februari 6, 2013 tukawaleta Cameroon. Tazama tarehe hiyo. AFCON ilikuwa inaendelea Afrika Kusini, lakini Cameroon hawakuwepo kwa sababu Cape Verde walikuwa wamewang'oa kwenye kufuzu. Timu kubwa imekaa nyumbani, haina mashindano, na wiki ya FIFA, ile iliyotengwa kwa mechi za timu za taifa, imefika. Wakaja, na Mbwana Samatta akawafunga dakika za mwisho, 1-0. Machi 24 ilipofika, Morocco walikuja kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia wakakutana na timu iliyokuwa imeshazoea kuwafunga wakubwa pale pale: 3-1, bao la Thomas Ulimwengu na mawili ya Samatta. Baadaye tulipoteza Marrakech na hatukufuzu, hilo ni kweli. Lakini kocha wetu wakati ule, Kim Poulsen, alipata mechi mbili ngumu, nyumbani, kabla ya mechi iliyohesabika, na matokeo yake tuliyaona.

Sasa tuko kwenye nafasi ambayo hatujawahi kuwa nayo. Septemba 2023 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027. Maana yake kila nchi ya Afrika inayojipa matumaini ya kufika hapa ina haja ya kulionja joto la Dar es Salaam, nyasi zetu na umbali kutoka hotelini hadi uwanjani. Kocha makini hataki kuyajua hayo siku ya mechi ya kwanza ya kundi. Hiyo ni bidhaa yetu, na tukiingia kwenye mazungumzo nayo hatulazimiki kumnunua mpinzani. Tunaweza kukubaliana mechi mbili: yao kwetu leo, yetu kwao baadaye, kila mwenyeji akibeba malazi ya mgeni.

Tarehe ndiyo inayokwamisha mambo mengi. Kwa mechi za kirafiki, klabu inalazimika kumwachia mchezaji kwenye wiki ya FIFA peke yake. Nje ya hapo, klabu ya nje ikikataa, amebaki huko, na benchi la ufundi linapima kikosi ambacho sicho kitakachocheza. Kuanzia mwaka 2026 madirisha, yaani hizo wiki za FIFA, ya Septemba na Oktoba yameunganishwa kuwa moja la siku 16 lenye mechi hadi nne, na bado kuna la Machi, la Juni na la Novemba. Ukiondoa mechi za mashindano, nafasi zinazobaki kwa kirafiki ni chache mno. Anayeanza kutafuta mpinzani zikiwa zimebaki wiki sita anaokota waliokosa wenzao. Kuna na kanuni ambayo mashabiki hatuizungumzii: ndani ya dirisha la kawaida la mechi mbili huwezi kucheza moja Afrika na nyingine bara la mbali. Kama mojawapo ni ya kirafiki unaruhusiwa kuvuka kwenda shirikisho la bara jingine, lakini kati ya viwanja hivyo safari isizidi saa tano za ndege na kanda mbili za saa. Kwa hiyo ukikubali mwaliko wa mbali, mara nyingi umeshauza mechi zote mbili za dirisha hilo.

Nyumbani nako kuna ligi. Simba na Yanga wakifika mbali kwenye mashindano ya CAF, viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, vinarundikana, na wachezaji wa kikosi cha taifa ndio wanaovilipa kwa miguu yao. Bodi ya Ligi ikae meza moja na TFF kabla ratiba haijatoka, wakubaliane viporo visisogezwe hadi ukingoni mwa kambi ya Stars. Mchezaji aliyecheza Jumatano na tena Jumamosi hana cha kumwonyesha kocha Jumanne.

Wapo wanaoogopa kupoteza nafasi kwenye viwango vya FIFA. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani, pale hesabu ilipokuwa ya wastani na mechi ya kirafiki iliweza kukushusha hata ukishinda. Poland walizikwepa karibu zote wakaingia chungu cha kwanza, cha timu za viwango vya juu, kwenye droo ya Kombe la Dunia 2018. Hesabu ilibadilika Agosti 2018. Leo kirafiki ndani ya wiki ya FIFA ina uzito wa 10 na nje yake 5, wakati mechi ya kufuzu ina 25. Ukicheza na timu iliyokuzidi pointi 200 ukafungwa, unapoteza kama pointi 3 tu. Ukitoka sare unaongeza karibu 2, ukishinda karibu 7. Anayehatarisha ni yule anayekwenda kumtafuta mnyonge ajipe moyo: akifungwa na timu iliyo chini yake kwa pointi 200, zinaondoka karibu 7.

Machi 2024 tulipata mfano mzuri wa jozi kwenye FIFA Series kule Azerbaijan. Bulgaria walitufunga 1-0, siku tatu baadaye tukaifunga Mongolia 3-0. Mmoja alitulazimisha kujilinda, mwingine alitulazimisha kufungua ngome. Ningependa kila dirisha lenye nafasi mbili liwe hivyo, ila hapa hapa nyumbani. Kama mgeni ni Burkina Faso au Mali, wa pili awe Madagascar, Msumbiji au Comoro. Kenya na Uganda ningewaacha kwa sasa. Tunajuana mno, na tukikutana kwenye fainali ni bora tukutane tukiwa na siri.

Kuhusu kile cha kupima kwenye mechi hizo, hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tumecheza fainali za AFCON za 1980, 2019, 2023 na 2025, na hatujashinda hata mechi moja. Kwenye fainali za 2025 nchini Morocco tulivuka kundi kwa mara ya kwanza, kwa pointi mbili, na wenyeji wakatutoa kwa 1-0. Nilifurahi kama kila Mtanzania. Lakini angalia mechi ambazo tulikuwa tunaongoza. Cairo 2019 tuliongoza dhidi ya Kenya mara mbili, Michael Olunga akafunga la tatu dakika ya 80 tukalala 3-2. San Pedro, kwenye fainali za 2023 zilizochezwa Januari 2024, Simon Msuva alitupa bao mapema, Zambia wakabaki kumi, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Dhidi ya Uganda nchini Morocco Msuva alifunga penalti, wakasawazisha zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Ni ugonjwa uleule, wachezaji tofauti, makocha tofauti.

Mechi ya kirafiki ndiyo dawa yake pekee, kwa sababu mazoezini hakuna anayekimbizana na saa. Lakini sisi tumezoea dakika ya 60 kuingiza wachezaji wapya kwa mkupuo ili kila mmoja aonekane, na mechi inakuwa bonanza kuanzia hapo. Ningeomba kwenye kila jozi mechi ya kwanza iwe ya majaribio hayo, na ya pili ichezwe kama ya kundi: kikosi cha kwanza, mabadiliko yaleyale matano, mabeki wa kati wasiguswe hadi kipenga cha mwisho. Tukiwa tunaongoza dakika ya 75, kocha awaache wajifunze kuimaliza wenyewe.