Mahindi na Wahindi

Ndugu umeuliza kama mahindi yaliitwa hivyo kwa sababu yametoka India, jibu ni ndio na hapana 😄 jina lina uhusiano na Hindi yani India kweli, ila mmea wenyewe asili yake ni Mexico huko, watu walianza kuulima maelfu ya miaka kabla hata Columbus hajavuka bahari 1492. Baada ya hapo Wareno na wengine ndo wakausambaza, na huku pwani vitu vingi vya kigeni vilikuwa vinakuja na majahazi kutoka upande wa India, sasa mtu akiona nafaka ngeni anaiita ya Kihindi, yameisha.

Na sio sisi tu tuliokosea. Waitaliano wanaiita granoturco, yani nafaka ya Kituruki, halafu Waturuki wenyewe wanaiita mısır ambayo kwao ndo jina la nchi ya Misri!! Kila mtu anamsukumia jirani. Tena neno hindi lipo kwa Waturuki ila kwao ni bata mzinga, ambaye naye ametoka hukohuko Amerika, sasa hapo mi nacheka tu.

Kingine usichanganye, muhindi ni mmea (wingi mihindi), hindi ni moja na mahindi ni mengi, Mhindi ndo mtu. Ukishapukuchua punje zote kinachobaki ni gunzi, wengi wanaita hindi hata likiwa halina kitu.