Kabla Hujasaini Mkataba wa Nyumba Uingereza, Ulizia Bima ya Gari

Tanzania ukienda kukata bima kubwa, wakala anataka kujua thamani ya gari, anapiga asilimia yake, anaongeza VAT, mnamalizana. Mimi sijawahi kuulizwa kama gari linalala Masaki au Mbagala. Uingereza mambo ni tofauti. Postikodi (msimbo wa posta) ya mahali gari linapolala usiku ni kati ya vitu vinavyosukuma bei, na ukibadilisha hiyo peke yake, gari lilelile na dereva yuleyule, unaweza kuona mamia ya pauni yakipanda au kushuka.

Kwa hiyo wewe unayehama, uwe umetua juzi au unatoka mji mmoja kwenda mwingine, piga hesabu ya bima kabla hujasaini mkataba wa nyumba. Ukishakabidhiwa funguo umechelewa.

Nilifanya hivyo nilipohamia Birmingham kikazi. Nilikuwa na nyumba mbili mkononi, moja Small Heath, nyingine Sutton Coldfield kaskazini mwa jiji, na kodi ya Sutton ilikuwa juu. Nikaingia Compare the Market, tovuti ya kulinganisha bei za bima, nikajaza fomu yote: Yaris (ndiyo Vitz ya nyumbani hiyo), miaka ya leseni, maili ninazoendesha kwa mwaka, kazi. Bei zikaja. Nikarudi kwenye ukurasa wa anwani, nikafuta postikodi ya Small Heath inayoanza na B10, nikaweka ya Sutton inayoanza na B73, majibu mengine yote nikayaacha yalivyo. Orodha ikajipanga upya. Kampuni iliyokuwa rahisi kuliko zote mwanzo ikateremka, nyingine ikachukua nafasi yake, na tofauti ya bei ikawa imeshameza karibu nusu ya unafuu wa kodi ya Small Heath niliokuwa naufurahia.

Nilichukua Small Heath hata hivyo. Hesabu bado ilinipendelea, mabasi yapo, nyama halali iko mlangoni. Lakini niliingia nikijua nalipa nini.

Kinachofanyika ni hiki: kampuni inaangalia madai yaliyotoka eneo lako miaka iliyopita. Ajali, magari yaliyoibwa, vioo vilivyovunjwa, madereva wanaoendesha bila bima, na yale magenge yanayofunga breki makusudi mbele yako ili uwagonge, kisha wanadai fidia ya maumivu ya shingo. Unaweza kuwa hujawahi kumgonga mtu, lakini unachangia hasara za mtaa. Ndiyo maana London ya ndani hukaa juu kabisa na kusini magharibi mwa England chini. Na juu ya bei hiyo serikali inaweka kodi ya bima ya asilimia 12, kwa hiyo postikodi ikipandisha bei, na kodi nayo inapanda.

Kuna upande unaouma zaidi. Mwaka 2022 shirika la Citizens Advice lilitoa ripoti iliyosema kwamba kwenye maeneo ambayo zaidi ya nusu ya wakazi si weupe, watu walikuwa wanalipa angalau pauni 280 zaidi kwa mwaka. Kampuni zinasema hazitumii rangi ya mtu kupanga bei, na sheria inazikataza. Mimi ninachojua ni kwamba mitaa tunayokimbilia tukifika, kwa sababu kuna ndugu na kuna duka la unga wa sembe, mara nyingi ndiyo hiyohiyo yenye bima kali.

Hapo ndipo watu wanapoanza kupeana mbinu. "Tumia anwani ya mjomba, yeye yuko kijijini." Tafadhali usithubutu. Kijana mmoja tunayefahamiana alikatia bima anwani ya ndugu yake huku yeye na gari wakiwa mjini. Bei ilikuwa tamu mpaka alipogonga. Kampuni ikaomba barua ya council tax (kodi ya halmashauri inayolipiwa nyumba unayoishi) na taarifa ya benki, ikaona anakonunua mafuta na anakofanya manunuzi kila wiki, ikaifuta bima kana kwamba haijawahi kuwepo. Gari lake halikulipwa. Na sasa kila fomu anayojaza inamuuliza: umewahi kufutiwa bima? Lazima ajibu ndiyo, na bei yake anayopewa leo inazidi hata ile ya mjini aliyokuwa anaikimbia.

Sheria ya bima ya Uingereza ya mwaka 2012 inatofautisha aliyedanganya kwa makusudi na aliyeghafilika. Wa makusudi anaweza kupoteza bima yote na pesa aliyolipa. Aliyeghafilika, kwa mfano aliyehama akasahau kusema alipohuisha bima, anaweza kulipwa kwa uwiano: kama ulilipa nusu ya bei uliyostahili kulipa, nao wanaweza kukulipa nusu ya hasara. Wenye watoto chuoni hapa muwe makini sana. Gari likiandikwa kwa wazazi Reading huku mtoto analo Leicester muhula mzima, iambieni kampuni anwani zote mbili.

Kisha kuna vishoka. Anakuja kwenye grupu la WhatsApp, anasema ana njia ya bima ya bei poa, anachukua hela yako anakutumia cheti kizuri tu. Wengine cheti ni cha kughushi kabisa. Wengine wanakata bima ya kweli kwa jina lako lakini wanaweka postikodi ya mbali na umri wa uongo ili bei ishuke, na tofauti inaishia mfukoni mwao. Polisi akikusimamisha, unayeendesha bila bima ni wewe: faini pauni 300, pointi 6 kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa. Kabla ya kumlipa yeyote mtafute kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha na bima. Na ukishalipa, hakikisha namba ya gari inaonekana kwenye kanzidata ya bima inayosimamiwa na Motor Insurers' Bureau.

Postikodi huwezi kuibadilisha, lakini kampuni unaweza. Si zote zinauona mtaa wako kwa jicho moja. Kuna inayoukimbia na kuna inayoutafuta. Tangu Januari 2022 kampuni hairuhusiwi kumtoza mteja wa zamani anayehuisha bima zaidi ya ambavyo ingemtoza mgeni mwenye sifa zilezile, lakini hiyo haikulindi dhidi ya kampuni ambayo ni ghali tangu mwanzo. Tafuta bei wiki kama tatu kabla bima haijaisha. Siku za mwisho bei huwa zimepanda. Jaribu pia jibu la mahali pa kupaki, la kweli lakini: mbele ya nyumba, barabarani, au kwenye banda. Usidhani banda ndiyo rahisi kila mara, kuna kampuni zinahesabu mikwaruzo ya kuingia na kutoka. Kifaa cha kufuatilia uendeshaji kinawasaidia vijana na waliopata leseni ya hapa juzi, maana leseni ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu tangu uwe mkazi, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wa hapa. Na kama unaweza, lipa mara moja. Kulipa kila mwezi kwa kawaida ni mkopo wenye riba.

Ukihama katikati ya mwaka, piga simu kabla ya siku ya kuhama. Wanaweza kukuongezea au kukurudishia, na mara nyingi kuna ada ya kubadilisha taarifa, kwa hiyo uliza ni kiasi gani kabla hujakubali. Badilisha pia anwani kwenye V5C, yaani hati ya usajili wa gari, na kwenye leseni. Zote mbili ni bure, na kuacha kubadilisha kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000.