Mhusika anayeandamwa na yaliyompata: mwache akwepe kukumbuka

Mtoa mada anauliza hivi: mhusika wake mkuu alinusurika moto utotoni, mdogo wake akafia ndani. Sasa ni baba mtu mzima, na waliousoma mswada wanasema jamaa haaminiki, kazi yake kulialia tu. Mdau wa hapo juu kashauri moto uwe sura ya kwanza ili msomaji amhurumie mapema. Mkuu, hapo tunapishana.

Mimi nahariri miswada ya riwaya, na tatizo hili nakutana nalo sana. Mhusika anakaa dirishani, mvua inanyesha, "mawazo yakamrudisha mbali", halafu kurasa nane za mbinu rejeshi (kurudi nyuma kusimulia yaliyopita), zimenyooka kama taarifa ya polisi. Mwenye kidonda cha namna hiyo hakai akakikumbuka kwa mpangilio. Anakikimbia. Anabadilisha mazungumzo, anajitwika kazi, anachekesha watu. Kumbukumbu ndiyo inayomvamia, tena vipande vipande: harufu, mlio wa bawaba, rangi ya shati. Madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza rasmi ugonjwa wa kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980, walitaja kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa, ganzi ya hisia, kushtuka ovyo, na kukwepa chochote kinachogusa tukio. Isome orodha hiyo kwa jicho la mwandishi: nyingi ya dalili hizo unaweza kuzionyesha bila mhusika kufungua mdomo.

Kuna mswada niliupitia, wa mwanamke aliyekulia kwa baba mkali wa kipigo. Mwandishi hakutuambia hilo mapema. Alichotuonyesha ni kwamba mumewe, mpole kabisa, akidondosha mfuniko jikoni, mke chumbani anasema "samahani". Jirani akipiga honi, samahani. Msomaji anaanza kucheka. Kisha siku moja binti yao mdogo anasikia baba yake akikohoa sebuleni, naye anajibu "samahani baba", na mama anabaki na nguo mkononi, hajui aikunje au aiweke. Kipigo chenyewe kilikuja kusimuliwa mbele sana, kwa aya mbili. Hakikuhitaji zaidi.

Hapa ndipo penye uzito kwangu. Yaliyopita yanamwandama mtu pale yanapomwamulia mambo ya leo, na aghalabu anayelipa ni mtu asiyehusika: mke, mtoto, mfanyakazi mwenzake. Kwa hiyo usiogope kumfanya mhusika wako akosee. Baba anayemzuia mwanawe kila kitu kwa kisingizio cha mapenzi ananisumbua kuliko anayelia kaburini. Huruma ya msomaji itakuja tu, tena itakuwa nzito zaidi kwa sababu alishaanza kumkasirikia.

Ukitaka kuona kuchelewesha kufichua tukio kunavyofanya kazi, soma riwaya ya Beloved ya Toni Morrison (1987). Kiini chake kimetokana na Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na kumuua bintiye asirudishwe utumwani. Tendo lenyewe halifunguki mpaka katikati ya kitabu, na kwanza tunaliona kwa macho ya waliokuja kumkamata mama. Sethe, ndiye mama huyo riwayani, anapojaribu kumweleza mpenzi wake Paul D, anazunguka chumba, anazunguka tena, maneno nayo yanalizunguka jambo bila kulifikia. Ule mzunguko unasema kuliko maelezo yoyote. (Ila kurasa za mwanzo zinataka subira, usizitupe.)

Swali moja kwa mtoa mada, na sioni kama mswada wako umelijibu: huyu bwana alifanya nini usiku ule ambacho hajawahi kumwambia mtu? Kunusurika peke yake ni huzuni. Kama alipita karibu na kitanda cha mdogo wake akaendelea kukimbia, hiyo ni siri, na mwenye siri huishi akiilinda. Atachagua nyumba kwa kuangalia milango. Atakuwa mkali mtu akimsifu kwa ushujaa.

Sura ya moto iweke kwenye faili lake kwanza. Andika ukurasa mmoja ambao mwanawe anaomba ruhusa ya kulala kwa rafiki yake, na moto usitajwe. Ulete hapa tuusome.